Geuza Kijiko Uone Mgongo

Mabibi na mabwana, naomba kila mmoja wenu achukue kijiko kilicho mbele yake, akilaze kifudifudi. Tumbo chini, mgongo juu.

Hivyo ndivyo vijiko vya fedha vilivyolazwa kwenye meza za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1700. Aliyeketi kula aliona mgongo kwanza, na sonara aliweka nakshi palipoangaliwa. Hata herufi za jina la mwenye mali zilichorwa nyuma ya mpini. Pale mpini unapoungana na tumbo ulishuka mwinuko mwembamba wa fedha, kama mfupa, ulioitwa mkia wa panya. Ulilipa tumbo nguvu, ukawa pambo pia.

Katikati ya karne hiyo zikaja picha zenyewe, hasa kwenye vijiko vya chai: kombe la pwani, merikebu iliyotweka matanga. Nikipendacho kuliko vyote kina ndege aliyetoka tunduni, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "naupenda uhuru". Wengi huihusisha picha hiyo na John Wilkes, mwanasiasa aliyefungwa mwaka 1768. Hebu fikirini: mtu anakoroga chai sebuleni, na msimamo wake umelala mgongoni mwa kijiko!

Kuanzia miaka ya 1760 vijiko vikaanza kulazwa chali. Nakshi ikahamia mbele ya mpini, na picha za mgongoni zikapotea polepole. Katika karakana ya Hester Bateman, mjane aliyesajili chapa yake London mwaka 1761, mipini ilipata mikato midogo inayometameta kwenye mwanga wa mshumaa.

Sasa niseme linaloniuma. Wakati wa Malkia Victoria, vijiko vingi vya zamani vilivyokuwa vitupu vilifumuliwa upya: tumbo likapigwa matunda, likapakwa dhahabu. Vinauzwa hadi leo kama kazi ya kale. Kwangu mimi, huko ni kuandika juu ya maandishi ya mwenzako.

Mtaving'amuaje? Tazameni mihuri: simba anayetembea, anayethibitisha kuwa ni fedha ya 925 kwa 1000, na herufi ya mwaka, yaani herufi inayowakilisha mwaka kijiko kilipopigwa muhuri. Herufi ikisema 1780 na tumbo limejaa zabibu na pea, matunda yamechelewa kufika.

Ninapitisha viwili, kimoja cha ndege, kimoja cha matunda. Vishikeni kwa mpini, na msisahau kuvigeuza.