Wimbo wa Kurudi: Kilele cha Zamani Kinafikika?

(Mhadhara kwa wasanii na mameneja, Mtwara)

Shikamooni wakubwa, wengine, habari za jioni.

Aliyekaa kimya miaka kadhaa anaweza kushika tena namba moja? Anaweza. Adele alirudi 2015 na "Hello", kisha 2021 na "Easy on Me". Zote ziliongoza chati, yaani orodha za nyimbo zinazovuma, Marekani na Uingereza. Kwetu, Ali Kiba alirudi 2014 na "Mwana", nchi nzima ikaimba. Kupanda si kazi sana. Kazi ni kukaa juu.

Wiki ya kwanza watu wanakuja kuchungulia tu kama sauti bado ipo. Mwaka 2008 Britney Spears aliruka kutoka namba 96 hadi 1 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya Marekani, kwani enzi hizo wimbo ulinunuliwa mtandaoni na mauzo ya siku chache yalitosha kuunyanyua. Leo mtu hanunui, anasikiliza, na asiporudia unashuka. Chati ya Uingereza inahesabu kusikilizwa mara 100 na wanaolipia, au mara 600 bure, kuwa nakala moja. Tena wimbo wa siku nyingi ukiporomoka wiki tatu mfululizo, kila usikilizaji unahesabiwa nusu tu.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, haihesabu usikilizaji kabla ya sekunde 30. Sasa wewe unaweka kinanda kitupu sekunde 40! Leta sauti mapema, kiitikio kabla ya dakika moja.

Kosa linaloua wengi ni akaunti. Nyimbo za zamani zipo kwenye chaneli ya meneja wa zamani, mpya ipo kwenye chaneli changa. Msikilizaji anatafuta jina, anaangukia kule, anacheza za zamani, anaondoka. Malizeni hilo kwanza, kwa maandishi, hata kama mmegombana. Kisha pakieni wimbo wiki tatu kabla. Maombi ya kuingia kwenye orodha za nyimbo wanazopanga Spotify (playlist) yanatakiwa angalau siku 7 kabla ya kutoka. Tokeni Ijumaa, wiki ya chati inapoanza.

Na huku kusini, vijana wa stendi wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi wanaweza kuufikisha wimbo Newala na Masasi, na hakuna chati itakayojua. Wapeni hata hivyo: ndio wanaojaza ukumbi. Ila kama mnatafuta namba, subirini fedha za korosho kuanzia Oktoba, watu wakiwa na hela ya bando.