Mashimo 12 na Mkanda Mwekundu: Miaka ya Mwanzo ya Klabu ya Gofu ya Prestwick

Mabibi na mabwana, gofu ya Uskoti ikitajwa, watu hukimbilia St Andrews. Leo twende pwani ya magharibi, Prestwick. Klabu ya huko ilianzishwa mwaka 1851 na wanachama 57, ikamwajiri Tom Morris kutoka St Andrews atunze kiwanja.

Morris alikuta ardhi finyu: mashariki reli, magharibi bahari, kaskazini ukuta wa mawe. Mashimo 18 yasingeenea, akapanga 12 kati ya vilima vya mchanga, na bado njia zikapishana. Unapiga kuelekea shimo lako, mpira wa mwenzio unakatiza mbele yako! Iliwachukua hadi 1882 kuvuka ule ukuta na kufikisha 18. Shimo la kwanza lilikuwa na urefu wa yadi 578. Kwa mipira ya siku zile, iliyofinyangwa kwa utomvu mgumu wa mti, aliyelimaliza kwa mikwaju sita hakuwa na la kujilaumu.

Mashimo hayo 12 ndiyo yaliyoamua hesabu ya Open ya kwanza, yaani mashindano ya wazi ya gofu ya Uingereza, tarehe 17 Oktoba 1860: mizunguko mitatu, mashimo 36, siku moja. Walicheza wanane tu, wote wa kulipwa. Wengi walitoka katika kazi ya kuwabebea mabwana vijiti, na mabwana hao hawakuwaamini. Kila jozi ikafuatwa na mtu wa kuandika alama. Willie Park wa Musselburgh alishinda kwa mikwaju 174. Morris, kwenye kiwanja alichokipanga mwenyewe, alipata 176. Zawadi haikuwa pesa bali mkanda wa ngozi nyekundu wenye bizimu la fedha, uliogharimu pauni 25.

Sasa, klabu iliweka sharti kwamba atakayeshinda mara tatu mfululizo auchukue moja kwa moja. Nadhani hawakutarajia. Tom mdogo, mwana wa Morris, akashinda 1868, 1869 na 1870. Mwaka huo wa tatu lile shimo la yadi 578 alilimaliza kwa mikwaju mitatu. Mkanda ukaenda nyumbani kwake, na 1871 hakukuwa na Open, kwani hakukuwa na cha kushindania.

Klabu tatu, Prestwick, St Andrews na ile ya waungwana wa Edinburgh, zikakubaliana kupokezana mashindano na kuchanga pauni 10 kila moja kwa jagi la fedha. Mshindi wa 1872 akawa Tom yuleyule. Jagi lilikuwa bado halijawa tayari, akapewa medali.