Leteni na ramani ya gesi

Ndugu zangu, walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi: miale ya gama, ule mwanga wenye nishati kubwa kuliko yote, haisomeki bila kupima gesi. Nimelisema sana na nitalirudia, maana bado naletewa ramani nzuri za gama ambazo mwenyewe hakugusa gesi ya hidrojeni kabisa.

Chukueni RX J1713.7-3946, masalia ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, upande wa mkia wa kundinyota la Nge. Wachina waliandika juu ya nyota ngeni mwaka 393, na wengi tunaamini ndiyo hiyo. Mwaka 2004 darubini za H.E.S.S., kule nyanda za Khomas nchini Namibia, zilituonyesha gamba lake, ganda la mlipuko linalozidi kutanuka, likiwaka kwa gama. Linawashwa na nini? Protoni iliyoongezwa kasi ikigonga protoni ya gesi, huzaliwa pioni, chembe isiyodumu, na pioni isiyo na chaji huvunjika papo hapo kuwa miale miwili ya gama. Elektroni nazo hutoa gama kwa kuupiga mwanga hafifu wa mikrowevu uliojaa angani, nazo hazina haja ya gesi. Kwa hiyo shahidi wetu ni gesi: gama ikiifuata gesi, protoni zinahusika.

Darubini ya NANTEN, Chile, ikapima kaboni monoksaidi kwa wimbi la milimita 2.6. Mawingu yakalifuata gamba vizuri, ila kusini-mashariki gama ikawepo na mawingu hakuna. Wengine wakasema: basi, protoni zimeshindwa.

Hapana! Kaboni monoksaidi inatuonyesha hidrojeni ya molekuli tu, ile ya atomu mbili mbili zilizoshikana. Hidrojeni ya atomu moja moja hutafutwa kwa wimbi la sentimita 21, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Ikiwa ya baridi, na nyuma yake ipo yenye joto zaidi, haing'ai bali inameza. Mtu akisimama mlangoni jua likiwa mgongoni mwake, uso wake huuoni, unaona weusi tu. Utasema mlangoni hakuna mtu? Ndivyo ramani ilivyosomwa: palipo na giza pakaitwa patupu. Mwaka 2012 Yasuo Fukui na wenzake walilihesabu giza lile kama gesi, wakajumlisha atomu na molekuli, na jumla ikaifuata gama kulizunguka gamba lote, kusini-mashariki kukiwemo.

Najua mtaniambia habari za Fermi, darubini ya gama iliyoko angani, kwamba wigo wake wa mwaka 2011, yaani mgawanyo wa gama kwa nishati, unafanana na wa elektroni. Kweli unafanana. Lakini mawingu haya ni mabonge mazito, na protoni zenye nishati ndogo hazipenyi hadi ndani, hivyo gama ya nishati ndogo inapungua hata kama kazi ni ya protoni. Tena hesabu ya mwaka 2021 ya kundi hilohilo inazipa protoni takriban theluthi mbili ya gama, inayobaki ni ya elektroni. Sijazikana elektroni.

W44 na IC 443, masalia mengine ya supanova ambako Fermi iliona alama ya pioni mwaka 2013, nilitaka tuziangalie, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Kijana wa nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja elektroni. Karibu, uliza.