Kibati cha Mbili na Senti Ishirini na Tano

RUKIA: Umeshaanza kurekodi?

ATHUMANI: Tangu uliposema "ngoja nimeze".

RUKIA: Haya, basi na wajue nilikuwa nakula mahamri. Asalaam alaykum wasikilizaji. Mimi ni yule yule, Mombasa, joto ni lile lile. Shemeji yuko Manchester na baridi yake, na leo ana sauti ya mtu aliyefanya jambo.

ATHUMANI: Nimefanya jambo.

RUKIA: Dada anajua?

ATHUMANI: Dada yako anajua nimerudi nyumbani na kopo la biskuti. Hakuniuliza ndani mna nini, na mimi sisemi nisichoulizwa.

RUKIA: Mwanamke wa Mombasa akiona kopo la biskuti anajua ndani ni sindano na nyuzi. Afungue ya nini?

ATHUMANI: Hiyo ndiyo kinga yangu. Sasa sikiliza. Jumapili, lile soko la uwanjani ambapo watu hufungua buti za magari wakauza vya darini. Saa moja asubuhi, rasharasha. Kuna mama mmoja anauza vitu vya mjomba wake, marehemu. Vikombe, redio, kanda. Chini ya meza kuna kopo. Nikalinyanyua, likaniitikia.

[Sauti ya bati dhidi ya bati]

RUKIA: Humbrol, vibati vya rangi za modeli.

ATHUMANI: Umejua kwa mlio tu! Vibati 43. Mililita 14 kila kimoja, na karibu vyote vina anwani ya kiwanda chao cha Marfleet, Hull, hapa Uingereza. Havina msimbo wa mistari wa dukani. Na kuna vinane vya ule mfululizo wa herufi, HB za Waingereza, HG za Wajerumani, HU za Wamarekani.

RUKIA: Umelipa ngapi?

ATHUMANI: Pauni 10. Na leo nimepanga jambo la maana, maana wasikilizaji wamelalamika kwamba hatufundishi kitu. Nimeandika mambo matano ya kufanya ukipata rangi za zamani. Matano tu. Yako hapa kwenye karatasi.

RUKIA: Shemeji, wewe na karatasi zako.

ATHUMANI: Kabla ya hayo matano, utangulizi mfupi. Rangi hufa kwa namna tatu. Ya kwanza, kiwanda kinafunga mlango, kama Floquil kule Marekani. Watu wa reli za modeli waliipenda ile rangi, harufu yake kali utadhani unapaka ukutani, na mwaka 2013 ikasimamishwa, pamoja na ndugu yake Polly Scale. Ya pili, jina linakufa. Citadel, wenye rangi za vinyago vya michezo ya vita, mwaka 2012 walibadilisha majina karibu yote, ukiulizia nyeusi yao ya zamani, Chaos Black, unaonekana umetoka pangoni. Ya tatu ndiyo mbaya: nambari inabaki ile ile, jina lile lile, ndani mchanganyiko mwingine. Hapo anayeweka orodha kwa nambari anajidanganya.

RUKIA: Kwa hiyo wewe unajidanganya.

ATHUMANI: Mimi naandika nambari, anwani, kifuniko, na bei iliyobandikwa. Safu nane kwenye jedwali.

RUKIA: Na rangi yenyewe?

ATHUMANI: Imo ndani ya kibati.

RUKIA: [anacheka] Haya, mimi nina daftari la Kasuku la miraba, lile la hesabu. Kila mraba tone moja la rangi, chini yake jina. Jina la Kiswahili, kwa sababu nilichoka na majina yao. Unajua kilichonichosha ni kipi?

ATHUMANI: Najua. Usianze.

RUKIA: Nambari 61.

ATHUMANI: Wasikilizaji, samahani.

RUKIA: Nambari 61, "Flesh". Yaani mwili. Nauliza tena, na nitauliza mpaka nizikwe: mwili wa nani? Ile ni rangi ya kamba aliyechemshwa! Mtu akiwa rangi ile Mombasa anapelekwa hospitali.

ATHUMANI: Wao walikuwa wanapaka askari wao.

RUKIA: Sawa, mimi nampaka dereva wa injini ya East African Railways, ambaye ni mtu wa Voi. Nikasoma orodha yote. Kilicho karibu ni 62. Na 62 inaitwaje?

ATHUMANI: Leather.

RUKIA: Kwa Kiswahili?

ATHUMANI: Ngozi ya... [kimya] Ngozi.

RUKIA: Ngozi! Nambari ya pili yake! Walikosea kwa moja tu. Kwenye daftari langu 61 ni Kamba, 62 ni Ngozi, na mambo yamenyooka.

ATHUMANI: Hiyo ni ngozi ya mkanda, Rukia. Ya viatu.

RUKIA: Lugha yako haikutenganisha, na mimi sitenganishi. Halafu 90, ile rangi ya chini ya tumbo la ndege za kivita, wanaita "Sky". Mbingu! Kijani kibichi kilichochanganywa na maziwa. Mbingu gani ile?

ATHUMANI: Hiyo yai la bata.

RUKIA: Nimeiandika hivyo hivyo, Yai la Bata. 29 ni Udongo Umenyeshewa. 72, kaki ya askari. 93 nimeipa Samli.

ATHUMANI: 93 si samli. Samli ina uzito. 93 ni mchanga wa Lamu saa sita mchana.

RUKIA: Mchanga wa Lamu ni 63.

ATHUMANI: Wa Shela au wa mjini?

RUKIA: Wa Shela!

ATHUMANI: Basi sawa, 63. Lakini 93 siyo samli. Ni bizari iliyopauka juani.

RUKIA: Bizari gani, ya pilau au nyembamba?

ATHUMANI: Ya manjano, mama. Tulipata neno "manjano" wapi kama si jikoni? Kijivu tumepata majivuni, kijani kwenye jani, chungwa mtini, zambarau mtini, kahawia kikombeni. Watu wa Hull wana injini na majeshi, sisi tuna jiko na shamba.

RUKIA: Umeona? Sasa unaongea kama mtu mwenye daftari. Futa zile safu nane.

ATHUMANI: Sifuti. Fundi wa Japani hajui samli yako. Nikiandika FS, ule msimbo rasmi wa rangi wa Wamarekani wenye tarakimu tano, popote alipo anafungua kitabu cha vipande vya rangi anaiona.

RUKIA: Anaona kipande. Mimi namwambia samli, anasikia na harufu.

ATHUMANI: Asipokuwa na samli kwao?

RUKIA: Pole yake. Haya, niambie kilichokutoa usingizini, maana kopo tupu lisingekufanya uniandikie saa tisa usiku.

ATHUMANI: Nambari 20. "Crimson", ya kung'aa. Haijafunguliwa. Ukingo wa kifuniko hauna hata alama ya bisibisi. Na ubavuni kuna kibandiko kidogo cheupe cha bei, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: mbili, mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari, ishirini na tano.

RUKIA: Mbili mkwaju ishirini na tano.

ATHUMANI: Shilingi na peni! Uingereza waliacha shilingi Februari 1971. Kwa hiyo nimeweka kwenye jedwali: "kabla ya 1971". Hiyo ndiyo raha ya vibandiko, vinakupa tarehe bila...

RUKIA: Shemeji, shilingi ya Kiingereza ilikuwa na peni ngapi?

ATHUMANI: Kumi na mbili.

RUKIA: Basi peni 25 zimekaaje hapo?

[Kimya]

ATHUMANI: Subhanallah.

RUKIA: Peni haivuki 11. Ikifika 12 imeshakuwa shilingi. Hiyo si peni, hizo ni senti! Shilingi mbili na senti 25. Hicho kibati kilinunuliwa kwetu! Shilingi ya kwetu tangu 1921 ina senti 100. Hicho kilikaa kwenye rafu Nairobi, au Mombasa, au Kampala, au Dar.

ATHUMANI: Ngoja. Inaweza kuwa mbili mkwaju mbili na nusu. Nusu peni ilikuwepo.

RUKIA: Hiyo tano ina mstari wa sehemu? Iko ndogo?

ATHUMANI: ...Iko kubwa kama mbili.

RUKIA: Basi. Na sisi hatukuacha shilingi 1971, mpaka leo tunazo. Kwa hiyo tarehe yako nayo imeanguka. Inaweza kuwa 1968, inaweza kuwa 1976. Futa.

ATHUMANI: Nafuta. [sauti ya kibodi] Nimeweka alama ya kuuliza. Yule mama alisema mjomba "alikaa nje". Sikuuliza nje wapi, nilikuwa naogopa atapandisha bei.

RUKIA: Sasa mimi ndiye sitalala. Kwa sababu unajua naunda nini.

ATHUMANI: Mount Gelai.

RUKIA: Injini ya mvuke 5918, aina ya Garratt, daraja la 59, iliyoko jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Tani 252. Zilikuwa 34, zote zimetoka hapo hapo ulipo.

ATHUMANI: Gorton, kiwanda cha Beyer Peacock, 1955 na 1956. Zikavuka bahari zikapewa majina ya milima.

RUKIA: Na babu alikuwa fayaman kwenye hizo, Mombasa kwenda Nairobi. Zilikuwa zinachoma mafuta mazito, si makaa, akirudi nyumbani ananuka kama taa. Nilipokuwa mdogo nikamuuliza, babu, zilikuwa rangi gani? Akasema damu ya mzee.

ATHUMANI: Nyekundu iliyoiva, inayoelekea kwenye weusi.

RUKIA: Akanionyesha pindo la kanga ya bibi. "Kama hii, ila ilikuwa na uhai." Kanga ninayo. Imefuliwa miaka arubaini, uhai haupo. Sasa wewe una nyekundu ya kung'aa ya wakati ule ule, imeuzwa nchi zile zile. Labda yule bwana naye alikuwa anapaka Garratt! Fungua, paka kipande cha plastiki nyeupe, nitumie kwa posta.

ATHUMANI: Hapana.

RUKIA: Tone moja.

ATHUMANI: Rukia, rangi ya mafuta ikipata hewa inaanza kufunga utando. Leo tone, baada ya mwaka jiwe. Na hiki ndicho kibati cha pekee nilichowahi kuona chenye bei ya kwetu. Kikifunguliwa kinakuwa kibati cha rangi kuukuu, vipo elfu.

RUKIA: Unajuaje hakijawa jiwe tayari? Kitikise karibu na kinasa sauti.

[Mtikiso, mlio mdogo, mzito]

RUKIA: Hicho kinakauka. Kuna maji kidogo na chini kuna tope. Unangoja kife kikiwa bikira.

ATHUMANI: Na hata nikikifungua, utaona nini? Mafuta yenyewe hugeuka manjano kwa miaka. Utapata nyekundu ya leo ya kibati cha zamani. Utaipaka injini yote, utasema hii ndiyo, kumbe ni uzee wa mafuta.

RUKIA: Damu ya mzee si uzee?

ATHUMANI: [anacheka] Hapo umenipiga. Lakini bado hapana. Nenda makumbusho ukaitazame.

RUKIA: Ile ya makumbusho ilipakwa upya, unajua hilo kuliko mimi. Kanga imepauka, babu hayupo, injini ina koti jipya. Kilichobaki ni mililita 14 zilizoko mezani kwako, na wewe unataka kuziweka rafuni uandike "haijafunguliwa". Orodha ya rangi ambazo hakuna aliyeziona ni orodha ya nini? Ya makaburi?

ATHUMANI: Ni afadhali kaburi lenye mtu ndani. Miaka ishirini ijayo kutakuwa na namna ya kusoma rangi bila kufungua, na mtu atanishukuru.

RUKIA: Miaka ishirini ijayo kutakuwa na jiwe jekundu.

ATHUMANI: Hata jiwe lina rangi.

RUKIA: Basi lipasue leo!

ATHUMANI: Aa-aa.

RUKIA: Rangi ilitengenezwa ipakwe, shemeji. Kuna mtu Hull aliikoroga, akaijaza, akafunga kifuniko, akijua kuna mtu atakifungua.

ATHUMANI: Na yule bwana aliyeinunua kwa mbili na senti 25 hakukifungua. Alikibeba mpaka huku. Miaka hamsini ana bisibisi nyumbani na hakukifungua. Mimi ni nani?

[Kimya]

RUKIA: Labda alisahau.

ATHUMANI: Labda.

RUKIA: Sikubali.

ATHUMANI: Nami sikubali.

RUKIA: Hata kwa mahamri?

ATHUMANI: Mahamri hayapiti posta. Tumebakiwa na dakika ngapi?

RUKIA: Adhana ya magharibi inakaribia, naona mwadhini anapasha koo.

ATHUMANI: Mambo matano! La kwanza, vibati vipangwe kichwa chini, ili utando ufunge...

RUKIA: Utando ukifunga chini, utakorogaje?

ATHUMANI: Ngoja nimalize. La pili, manjano na nyekundu za zamani nyingi zilikuwa na kromati ya risasi, kwa hiyo usipige msasa karibu na watoto. La tatu...

RUKIA: Hilo la pili lilikuwa la maana, ungeanza nalo.

ATHUMANI: Ningeanza nalo usingeniuliza mwili wa nani!

[Adhana kwa mbali, upande wa Mombasa]

RUKIA: Basi tena. La tatu hadi la tano wiki ijayo.

ATHUMANI: Ulisema hivyo kwenye kipindi cha gundi.

[Mlango, upande wa Manchester. Sauti ya mwanamke: "Baba Nuru, katika hilo kopo lako mna uzi mweusi?"]

ATHUMANI: ...

RUKIA: Shemeji, muulize. Anataka weusi wa 21, wa kung'aa, au wa 33, usiong'aa?