Latur: Mji wa Mbaazi Wenye Kiu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nawapeleka Latur, mji mkuu wa wilaya katika jimbo la Maharashtra, India. Watalii hawana habari nao. Lakini kama kuna mtu humu analima mbaazi Babati, Lindi au Mtwara, mji huu unamhusu hata kama hajawahi kuusikia.

Latur uko juu ya uwanda wa Deccan, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Pepo za mvua zinatoka Bahari ya Arabu, zinagonga milima ya Ghats na kumwaga maji upande wa pwani. Zikivuka kuja bara, mvua nyingi imeshaishia huko. Latur husubiri mvua ya Juni hadi Septemba, na ikikosa, ndiyo basi mpaka mwakani.

Udongo ni mweusi, umetokana na miamba ya volkano. Ukilowa unanasa jembe, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Unatunza unyevu chini, na mzizi wa mbaazi unaufuata hukohuko. Wakulima hupanda mbaazi katikati ya mistari ya soya. Soya huvunwa Oktoba, mbaazi hungoja hadi Desemba au Januari.

Mazao hushuka mjini, kwenye mnada. Wanunuzi hupita rundo kwa rundo, wanachota kiganjani na kuzitazama punje kabla ya kutaja bei. Kutoka hapo ni kiwandani: mbaazi hupakwa mafuta kidogo, hulowanishwa, hukaushwa, hukobolewa na kupasuliwa vipande viwili. Hiyo ndiyo dali ya njano.

Sasa niwape kichekesho kisichochekesha. Wilaya hii yenye kiu inalima miwa, zao linalokunywa maji karibu mwaka mzima. Mwaka 2016 bwawa la Manjara, linaloupa mji maji, lilikauka, na Aprili treni ikaanza kuleta maji ya kunywa kutoka mji wa Miraj, zaidi ya kilomita 300. Ya kwanza ilibeba lita laki tano. Utawala ulipiga marufuku mikusanyiko kwenye matangi, ukihofia watu kupigana. Msimlaumu mkulima haraka. Miwa ina kima cha chini cha bei kilichopangwa na serikali, na kiwanda kinabanwa kisheria kukilipa. Mbaazi nayo ina bei yake iliyotangazwa, ila mfanyabiashara mnadani halazimiki kuifuata. Ningekuwa mkulima huyo, mwenye kisima, ningepanda miwa.

Turudi kwetu. Mbaazi za Tanzania huvunwa kuanzia Agosti hivi, miezi kadhaa kabla ya zile za Latur. Huo ndio mlango wetu: tunauza wakati maghala yao yanapungua. Mvua yao ilipokuwa mbaya mwaka 2015, bei ilipaa, na wakulima wa pande zote mbili za bahari wakapanda mbaazi kwa fujo. Mwaka 2016 mvua ikanyesha vizuri, India ikavuna kupita kiasi, na bei ikaporomoka mpaka kwenye minada ya Latur kwenyewe. Agosti 2017 Delhi, yaani serikali ya India, ikawekea uagizaji wa mbaazi kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, wakati magunia yetu ndiyo kwanza yanashonwa. Wengi hapa mnakumbuka mbaazi zilizooza stoo msimu ule.

Kwa hiyo mwenye shamba la mbaazi, kila Julai aulizie mvua ya Maharashtra, na kila Agosti aulizie Delhi wameamua nini. Haya, maswali.