Hiyo 54 haiko kwenye glasi yako

Haya, mmekaa? Glasi msiziguse kwanza. Kila mara nasema hivi na kila mara nikigeuka kuna mtu ashameza nusu, wewe wa hapo nyuma nakuona.

Wengi wenu mmekuja juu ya ile namba. Mmesoma kwa chupa ya wiski ya hawa St. Kilian wa Rüdenau, Ujerumani, 54 ppm, yaani sehemu 54 kwa milioni, mkajiambia alaa, Ardbeg, ile wiski ya moshi ya kisiwa cha Islay kule Scotland, si ni kama 55, basi leo tunakunywa moto. Jamani! Hiyo namba ni ya kimea, shayiri iliyooteshwa. Ni fenoli, zile kemikali zinazobeba ladha ya moshi, zilizopimwa kwenye shayiri ikishakaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi, kabla hata haijasagwa. Baadaye inasagwa, makapi yanabaki na moshi wao, inachachuka, inakenekwa, na hapo mwenye mtambo anaamua akate wapi. Wale mnaojua chang'aa mnanielewa, ya kwanza unamwaga, ya mwisho unaiacha, sasa huo moshi wa piti unapenda kuja mwisho mwisho, ukikata mapema umeufungia nje. Halafu pipa nalo linakaa nayo miaka, mitatu ndio kiwango cha chini kwa sheria ya Ulaya. Kinachofika kwa ulimi wako ni kiasi kidogo sana cha hiyo 54.

Nyanya yangu Kericho alikuwa na kibuyu cha mursik. Anachoma kijiti, anakiingiza kibuyuni ncha ikiwa bado makaa mekundu, anasugua, anasugua tena, mpaka ndani kote kunakuwa keusi, anapangusa, ndio anamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, anafunika, anasahau. Siku moja nikaleta rafiki yangu wa Mombasa. Akapewa kikombe, akaona vile vidoa vya kijivu, akaonja, akanigeukia kama mtu amelishwa majivu, akanong'ona, "maziwa imeungua?" Nyanya hajui Kiswahili vizuri lakini hiyo aliielewa. Hakujibu, alimwongeza tu. Kikombe cha pili jamaa akanyamaza. Cha tatu alinyoosha mkono mwenyewe, na jioni akawa anauliza kama kibuyu kinaweza kupanda basi mpaka Mombasa. Hakuna aliyeuliza nyanya amesugua mara ngapi!

Ndio maana nawaambia funda la kwanza halihesabiki. Utasikia hospitali, utasikia lami, bandeji, utakunja uso. Sawa, kunja. Ni ulimi umeshtuka. Subiri, chukua la pili, dogo, liache lizunguke.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, moshi ni wa Waskoti, Wajerumani wameiga tu. Sikatai, hata hiyo mitambo ya shaba ya Rüdenau imetoka Scotland, na wameanza kukeneka 2016 tu. Lakini nenda mji wa Bamberg, si mbali na hapa, watengeneza bia wa Schlenkerla mpaka leo wanakausha kimea juu ya moto wa kuni na bia inanuka nyama ya kuchoma. Huo ni moshi wa mti, sio wa piti, utamu wake ni mwingine. Lakini usiniambie watu wa Franken, jimbo hili la Bamberg na Rüdenau, hawajui kunywa moshi. Na wiski yenyewe walianza 1983 hapo Eggolsheim.

Sasa pipa la sherry, ule mvinyo mkali wa Jerez, Uhispania, na muda naona unaniishia. Msidhani ni mapipa ya zamani yaliyosafirisha mvinyo kutoka Jerez, hayo yaliisha miaka ya 80. Siku hizi pipa linajazwa sherry makusudi, linakaa mwaka au miwili, linauzwa. Kazi yake hapa ni kama tende kwa kahawa chungu, linaleta ladha ya zabibu kavu na njugu, linaukalisha moshi chini. Ukisikia harufu ya kiberiti kilichowashwa, pipa lina shida, sio pua yako. Rangi nayo isikudanganye, geuza chupa, kama kuna "mit Farbstoff" ujue wametia rangi.

Nilitaka kusema habari ya chakula lakini basi. Maji: ikiwa kilevi kimezidi asilimia 50 weka kijiko kimoja cha chai, uinuse tena. Barafu hapana, inaua harufu.

Haya, inueni. Na wewe uliyeficha soda chini ya kiti, nimeiona, iache hapo hapo mpaka funda la tatu.