Tedi ni jina la rais, na rais huyo alifika Mombasa

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Mimi niko Brooklyn, New York, na leo nimeshika huyu mdoli wa dubu. Mnamwona? Manyoya yamechakaa, sikio linaning'inia, jicho moja limeshafanywa kifungo cha shati. Nimemtoa duka la mitumba. Kwetu ni tedi tu; ikifika Valentine vijana wanagombania yule mwekundu.

Basi Tedi mwenyewe ni Theodore Roosevelt, rais wa Marekani. Novemba 1902 alikwenda Mississippi kuwinda dubu, akakosa. Aliyeongoza msako ni Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, na ndiye aliyemkamata dubu: akampiga kichwani kwa bunduki, akamfunga mtini, akamwita rais aje amalize. Roosevelt akakataa, eti kumpiga mnyama aliyefungwa si uwindaji. Watu huishia hapo wakampigia makofi. Lakini dubu alikuwa ameshaumia vibaya, na rais huyohuyo akaamuru auawe. Wakammaliza kwa kisu. Mimi nauliza tu, kazi yote kafanya Collier, mbona mdoli hakuitwa Holt?

Mchora katuni Clifford Berryman akachora kisa hicho katika gazeti la Washington Post. Hapahapa Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose, wahamiaji wenye duka la peremende, wakashona dubu wa kitambaa wakamweka dirishani: dubu wa Teddy. Akauzika balaa. Ujerumani nako kampuni ya Steiff ilikuwa inatengeneza wa kwake miaka hiyohiyo. Na cha kuchekesha, Roosevelt hakupenda kabisa kuitwa Teddy.

Sasa watu wa Pwani, nisikilizeni. Aprili 1909, mwezi mmoja na kitu tangu atoke madarakani, meli ikamshusha Mombasa yeye na mwanawe Kermit. Akapanda gari moshi kwenda bara, akakaa mbele kabisa ya injini ili awaone wanyama vizuri, mpaka nyanda za Kapiti. Hadi safari inaishia Khartoum, Machi 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512. Simba 17, ndovu 11, vifaru 20! Yule aliyemhurumia dubu, huyohuyo. Sababu aliyotoa ni makumbusho ya Smithsonian, na kweli ngozi na mifupa ilipelekwa Washington.

Mimi nikipata likizo nashuka huko Washington na kamera. Nataka kuona hao simba wetu wameandikiwa nini.